Damu ya Kulinganishia

Niliitoa sahani kwenye mashine ya kusomea rangi, na kabla sijaangalia namba hata moja nikajua kuna jambo limeharibika. Sahani zetu ni za plastiki, ukubwa wa kiganja, zina vishimo vidogo tisini na sita. Safu za juu ni za watu wenye kichocho cha tumbo, na vishimo vyao huwa vya njano iliyokolea. Safu ya chini kabisa ni ya watu wasio na minyoo, wale tunaowaita watu wa kulinganishia, na vishimo vyao hubaki vyeupe kama maji. Siku ile kwenye safu ya chini kulikuwa na vishimo vitatu vya njano, vimefuatana, vimekolea kuliko hata vingi vya juu.

Nikachukua karatasi ya mpangilio nikaifuata kwa kidole. Namba ya aliyetoa damu ile ilikuwa yangu.

Nafanya kazi kwenye maabara ya utafiti hapa Mwanza. Nimekaa kwenye hadubini miaka mingi kuliko niliyokaa darasani, nikihesabu mayai ya kichocho kutoka vijiji vya kandokando ya ziwa. Kazi ya mwaka ule ilikuwa tofauti kidogo, na lazima niieleze, maana bila hiyo yaliyofuata hayaeleweki. Minyoo ya kichocho cha tumbo hukaa ndani ya mishipa ya damu karibu na utumbo, dume na jike wamekumbatiana, na wanaweza kuishi humo miaka na miaka. Damu ndiyo njia wanayopita walinzi wote wa mwili, lakini minyoo ile haiguswi. Inajipaka vitu vya mwili wa mtu mpaka inaonekana kama sehemu yake. Kisha jike hutaga mayai kila siku. Mengine hutoka na choo, mengine husombwa na damu na kukwama kwenye ini. Yai lililokwama hutoa molekuli zake, protini na sukari za namna namna, na molekuli hizo huzungumza na kinga ya mwili wa mtu. Zinaiambia itulie. Hasira ya kwanza ya mwili ikishapita, mtu anaendelea na shughuli zake, hana homa wala halali kitandani, huku ini lake likijenga ukuta kuzunguka kila yai na kila ukuta ukiacha kovu.

Sisi tulikuwa tunapima ule utulivu. Tunachukua damu ya mtu, tunatenga seli za kinga, tunazidondoshea maji yaliyotolewa kwenye mayai ya kichocho, halafu tunaangalia kama seli zitatoa kemikali ya kutuliza. Rangi ya njano ndiyo kipimo. Damu isiyowahi kukutana na mayai hukaa kimya. Damu inayoishi nayo huitika mara moja, kama mtu aliyesikia sauti anayoijua.

Damu yangu iliitika.

Sasa niseme kosa langu. Kila mtu wa kulinganishia alitakiwa kuleta choo siku tatu, na kila choo kisomwe na watu wawili. Wengine wote niliwafuatilia kwa ukali. Wiki ile tulipungukiwa mtu mmoja, seli zilitakiwa ziwe mbichi, na nikajitolea mwenyewe. Kwenye fomu yangu niliandika hasi, hasi, hasi, kwa mwandiko wangu, kwa kalamu ileile, nimesimama karibu na friji. Sikupima chochote. Naishi Nyakato, naoga maji ya bomba, nilimeza dawa shuleni nikiwa mdogo. Nilijiambia kwamba najijua.

Mkuu wetu wa maabara ni daktari, mama wa makamo, mpole wa sauti. Upole wake ndio hunitisha, kwa sababu hajawahi kumpigia mtu kelele na bado watu hutoka ofisini kwake wamelowa jasho. Nilikaa na ile karatasi nusu saa nzima. Ningeweza kusema sahani imechafuka. Ningeweza kuirudia kwa damu ya mtu mwingine. Mwishowe nikagonga mlango.

“Shikamoo, daktari.”

“Marahaba. Mbona umeshika karatasi kama unakwenda mahakamani?”

Nikaiweka mezani. Akaisoma kutoka juu mpaka chini bila haraka, akafika safu ya mwisho, akarudi juu, akashuka tena.

“Damu hii ni ya nani?”

“Ni yangu.”

“Choo kilisomwa na nani?”

“Hakikusomwa, daktari. Niliandika tu.”

Akachukua kalamu, akapiga mstari juu ya vishimo vile vitatu, taratibu, kama mtu anayefunga jeraha. Kisha akasema, “Leo utaandika maelezo na kuyasaini. Data za safu hiyo zote zinatoka mpaka watu wake wapimwe upya. Na kesho uniletee choo chako. Nitakisoma mimi.”

Kesho yake nilisimama nyuma ya kiti chake na mikono yangu sikujua niiweke wapi. Tunaposoma choo tunakisukuma kwenye kichujio, tunakifunika kwa karatasi ya nailoni iliyochovywa rangi ya kijani, halafu tunaweka chini ya lenzi. Alisogeza kioo kidogo kidogo. Akasimama.

“Njoo uone.”

Nilikuwa nimeyaona maelfu kwa maelfu, na kila nilipoyaona nilibonyeza mashine ya kuhesabia nikaendelea. Yai refu, lenye mwiba ubavuni. Lile lilikuwa limetoka ndani yangu.

“Umeyapata wapi?” akaniuliza.

Sikuhitaji kufikiri. Kila Jumapili ya pili nilikuwa nakwenda kwa kaka yangu, kijiji cha mwaloni, wavuvi wanaposhushia samaki, upande wa Magu. Wifi yangu anaoshea vyombo kwenye jiwe moja lililoingia ziwani, na mimi huvua viatu, nikapandisha sketi mpaka magotini, nikaingia naye majini tukapiga soga. Mimi niliyekuwa natumwa vijijini kuwaambia akina mama wasifanye hivyo.

“Na huyo kaka yako,” daktari akasema, macho bado kwenye lenzi, “anafanya kazi gani?”

“Fundi mitumbwi.”

Hapo ndipo aligeuka akanitazama.

Kaka yangu ndiye aliyenilea. Wazazi wetu walifariki nikiwa darasa la tatu, yeye akiwa ndiyo kwanza amejifunza kushika randa, na kila hatua niliyosoma niliisoma mgongoni kwake. Mtumbwi ukishapigwa misumari na kuzibwa pamba kwenye maungio, lazima ushushwe majini uangaliwe unapovuja, na anayesimama majini mpaka kiunoni kuutazama ni fundi. Amefanya hivyo tangu ujana wake. Ni mtu wa maneno machache, anayejivunia jambo moja tu: kwamba hajawahi kulazwa.

Nikiwa nimesimama pale maabara nikamkumbuka nilivyomwona mara ya mwisho. Mikono imekonda, mabega yametokeza mifupa, na tumbo limekuwa kubwa. Wifi alikuwa amemtania kwamba sasa ana kitambi cha mkurugenzi. Na mimi nilicheka. Nilimwangalia nikacheka, kisha nikala samaki wake nikarudi mjini.

Nilimeza vidonge vyangu mchana uleule baada ya kula. Jumamosi asubuhi nikapanda bodaboda.

Nilimkuta chini ya banda lake la mabati, anaziba maungio ya mtumbwi mpya kwa patasi na nyundo. Mwenye mtumbwi, mfanyabiashara mmoja wa dagaa, alikuwa amekuja na pikapu yake kukagua, anazunguka huku anapapasa mbao.

“Shikamoo, kaka.”

“Marahaba. Leo si Jumapili.”

“Nimekuja kukuangalia.”

“Umeshaniangalia. Nenda kwa wifi yako ukanywe chai.”

Nikamwambia nimekutwa na kichocho. Akasimamisha nyundo, uso wake ukabadilika, akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia siumwi, nimeshameza dawa, na sasa nataka yeye apimwe. Akarudi kwenye pamba yake.

“Vile vidonge sivigusi tena. Unajua vilinifanya nini.”

Nilijua. Miaka mingi iliyopita walikuja wagawa dawa pale uwanja wa shule. Alimeza bila kula, akaanguka mbele za watu, akatapika mpaka akabebwa. Tangu siku ile alisema dawa ndiyo ugonjwa wenyewe.

“Ulizidiwa kwa sababu minyoo ilikuwa mingi,” nikamwambia. “Ikifa kwa wingi kwa pamoja, vitu vyote ilivyokuwa imeficha vinamwagika kwenye damu. Mwili unashtuka. Wakati ule ndio kwanza mwili wako ulikuwa umeiona.”

“Na kabla ya hapo ulikuwa hauioni?”

“Unanyamazishwa. Mayai yanatoa vitu vinavyouambia mwili utulie.”

Akapiga nyundo mara mbili, tatu. “Kwa hiyo mimi siumwi, na wewe unasema kutoumwa ndiyo ugonjwa.”

“Nasema kutoumwa kwako ndiko kunakonitisha, kaka.”

Mwenye mtumbwi alikuwa ameacha kupapasa mbao, anatusikiliza. Kaka aliona aibu. Akaweka patasi chini akaniambia kwa sauti ndogo, “Twende ndani. Usinihubirie mbele za watu.”

Ndani nikamwomba alale kwenye mkeka nimguse tumbo. Mimi si daktari, lakini nimefuatana na madaktari vijijini nikaona wanavyofanya. Niliweka vidole chini ya mbavu za kushoto. Kwa mtu mzima mwenye afya huikuti bandama pale. Ya kaka yangu ilikuwa imeshuka mpaka karibu na kitovu, ngumu kama ubao. Nilitaka kuondoa mkono nikashindwa.

“Mbona umenyamaza?” akauliza.

“Choo chako kikoje siku hizi? Kuna siku kinakuwa cheusi?”

Akatazama mabati. Wifi ndiye aliyejibu, akiwa mlangoni na kikombe cha chai. “Tangu juzi, wifi. Cheusi kama lami. Na jana alisema kichwa kinazunguka. Kanikataza nisimwambie mtu.”

Choo cheusi kama lami ni damu iliyovuja juu tumboni. Nilijua hivyo kutoka kwenye mabango niliyokuwa nayabandika mimi mwenyewe. Makovu kwenye ini yakizidi, damu inayotoka utumbo inakosa pa kupita, inarudi nyuma, inajaza mishipa ya koo la chakula mpaka inatanuka na kuwa myembamba. Siku moja mshipa mmoja unapasuka. Siku hiyo huwa haisemi inakuja.

“Tunaondoka sasa hivi,” nikasema.

“Kwenda wapi?”

“Hospitali, mjini.”

“Mtumbwi unashuka majini Jumatatu.”

“Kaka, nakuomba. Sijawahi kukuomba kitu ukanikatalia.”

“Nikimaliza mtumbwi nitakuja. Jumanne.” Akainuka, akajifunga shuka vizuri kiunoni, akatoka. Nilimfuata nikilia kwa hasira, namwita, yeye anakwenda kwenye zana zake kama hanisikii. Alipofika kwenye mtumbwi alishika ukingo wa mbele kwa mikono miwili. Nilidhani anautazama. Kisha magoti yakalegea, akainamia mbao zile mpya, na damu ikamtoka mdomoni.

Ilikuwa nyingi. Sijui niseme vipi. Miaka yote ile nilikuwa nimeiona damu kwenye vichupa, imepangwa, ina namba. Sikuwa nimewahi kuona jinsi inavyokuwa ikitoka kwa mtu unayempenda, ilivyo nyekundu na nzito, na inavyotoa mvuke kidogo juani. Wifi alipiga ukelele akadondosha kikombe. Mwenye mtumbwi alikuwa ameshafungua mlango wa nyuma wa pikapu kabla sijamwomba.

Tulimlaza kwa ubavu nyuma ya pikapu, kwenye godoro tulilolitoa ndani, mimi nikashika kichwa chake, wifi akashika miguu. Barabara ya vumbi ilitutupa huku na huku na kila tulipoingia shimoni niliomba Mungu mshipa usipasuke zaidi. Nilishika kifundo cha mkono wake kutafuta mapigo. Yalikuwa yanakimbia, madogo, kama yanataka kunitoroka vidoleni. Tulipofika lami ya Kisesa alitapika tena. Midomo yake ikawa na rangi ya majivu.

“Usilale, kaka. Niambie kitu.”

“Niambie wewe,” akasema. “Wewe ndiye msomi.”

Kwa hiyo nikamwambia. Nilimwambia chochote, juu ya vishimo vya njano, juu ya fomu niliyoidanganya, juu ya daktari alivyopiga ule mstari. Sijui kama alisikia. Igoma tulipita kwa honi. Pale Nyakato, magari ya mizigo yalikuwa yamefunga njia panda, moja limekwama likigeuka kuingia kiwandani, na pikapu yetu ikasimama. Naijua njia panda ile, naivuka kila siku kwenda kununua mboga. Mwenye mtumbwi alishuka akakimbia mbele akipunga shati lake, anapiga kelele, “Tuna mgonjwa! Tuna mgonjwa anakufa!” Kaka alinitazama. Neno lile alilisikia. Wifi alianza kusali kwa Kisukuma, sala fupi ileile akiirudia, mpaka lile gari kubwa likarudi nyuma tukapita tukikwangua ukuta.

Hospitali walimpokea kwa haraka. Wakamtundikia maji mikono yote miwili, wakasema inahitajika damu. Nikakunja mkono wa gauni langu nikasema chukueni yangu. Kijana wa benki ya damu alianza kuniuliza maswali yake, nikamwambia ukweli: nina kichocho, nimemeza dawa juzi. Akatikisa kichwa. “Hapana, dada. Si leo.”

Wifi alitoa. Mwenye mtumbwi akatoa, mtu ambaye asubuhi ile nilikuwa hata sijamsalimia vizuri. Mimi nilikaa kwenye benchi la saruji na mikono yangu imegandwa na damu ya kaka yangu, damu pekee ambayo ningeweza kuishika siku ile, nikasubiri.

Waliingiza kamera kooni, wakaikuta mishipa imevimba, wakaifunga kwa vipete vidogo vya mpira mmoja baada ya mwingine. Daktari aliyetoka alikuwa kijana, jasho limemlowesha kofia. Akaniambia damu imesimama, kisha akaongeza kwamba tungechelewa saa moja zaidi angekufa. Nilimshukuru nikaenda kumwambia wifi.

Kaka alilazwa siku tisa. Siku ya saba, nguvu zikiwa zimerudi kidogo, walisema sasa ameze vidonge vya kichocho. Muuguzi alivileta kwenye kikombe cha dawa. Ni vikubwa, na kwa uzito wake alitakiwa kumeza vingi. Akavitazama kama mtu anayetazama nyoka. Nilikuwa nimempikia ugali na sangara, na nilihakikisha amekula sahani nzima.

“Nikianguka?” akauliza.

“Umeshalala kitandani. Utaangukia wapi?”

Hakucheka. “Nasema kweli, mdogo wangu. Naogopa.”

Tangu nizaliwe sikuwahi kumsikia akisema neno hilo. Nikavuta stuli nikakaa karibu yake, nikamshika mkono uliokuwa na sugu za nyundo. Akameza kimoja, akanywa maji, akameza cha pili. Baada ya saa moja tumbo lilianza kumsokota, ngozi ikamwasha, akatoka vipele kifuani. Muuguzi alikuja akamchoma sindano, akasema tusubiri. Jua lilipofika dirisha la magharibi vipele vilikuwa vimeanza kupotea. Akaomba chai.

Maelezo yangu yalisomwa kwenye kikao cha kazi, mbele ya wenzangu wote. Nilitolewa kwenye utafiti ule kwa miezi kadhaa, nikarudishwa kuosha vioo na kupanga vichupa, kazi niliyoanza nayo ujanani. Wale watu wengine watatu wa safu ya kulinganishia, walipopimwa upya, walikuwa wasafi kweli. Ni mimi tu niliyekuwa nimeichafua safu. Daktari hakulitaja tena jambo lile, ila siku moja alinikuta kwenye sinki akaniuliza hali ya kaka, akasimama kunisikiliza mpaka mwisho, mikono nyuma.

Wifi sasa anaoshea vyombo nyumbani, kwa maji yaliyokaa kwenye pipa. Kaka bado anachonga mitumbwi, lakini kwenye nchi kavu. Kuingia majini amewaachia wengine, na amewalazimisha wavae mabuti marefu ya mpira, jambo lililowafanya wamchukie msimu mzima. Ule mtumbwi wa siku ile yule mfanyabiashara wa dagaa aliuchukua. Aliuosha, akaupaka rangi, hakuwahi kuulizia juu ya doa.

Kila baada ya miezi michache tunarudi kwa kamera. Wiki iliyopita tulikuwa pale tena, kwenye korido yenye harufu ya dawa ya kusafishia, yeye hajala tangu jana yake, amekaa wima kama anayepigwa picha. Watu wawili walikuwa mbele yetu.

“Wale minyoo wamekufa wote?” akauliza, bila kunigeukia.

“Vipimo vinasema hawapo.”

“Sasa hakuna wa kuuambia mwili utulie.”

“Hakuna.”

Akafikiri. “Na makovu?”

Nilitamani nimdanganye. “Makovu yanapungua pole pole kwa wengine. Kwa wengine yanabaki. Ndiyo maana tunakuja.”

Akaitikia kwa kichwa. Mlango ukafunguliwa, muuguzi akachungulia akataja namba yake. Kaka akainuka, akavua saa yake ya mkononi akanipa niishike, akaingia.